Makohozi Yateremke, Mgonjwa Abaki Mlimani

Ni kikopo kidogo cha plastiki, kinaenea kiganjani, kina mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Ubavuni kimeandikwa kwa kalamu jina la mtu, namba na tarehe. Aliyekabidhiwa hatakiwi kutema mate tu akaondoka. Anaelekezwa atoke nje, asimame penye upepo na mbali na watu, asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka kifuani kabisa mpaka kitoke kitu kizito. Hicho kizito ndicho kinachohitajika. Mate mepesi yakipelekwa maabara, majibu huenda yakasema hakuna ugonjwa na kumbe upo, na mtu akarudi nyumbani kuwaambukiza wanawe.

Katika milima ya Usambara kikopo hicho kina safari ndefu. Mazungumzo ya leo, wasikilizaji, yanaifuata safari hiyo: makohozi yanatoka wapi, yanafika wapi, yanakaa njiani siku ngapi, na kwa nini siku hizo ndizo zinazoamua nani apone na nani azikwe.

Kwanza lisemwe jambo la furaha. Kifua kikuu kinapona. Dawa zipo, zinafanya kazi, na katika vituo vya serikali vya Tanzania hutolewa bure. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 pekee watu milioni 10.8 waliugua ugonjwa huu duniani, na milioni 1.25 wakafa. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zilizoelemewa zaidi, ingawa imepiga hatua ya kuonewa fahari: makadirio ya wagonjwa wapya yameshuka kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi 195 mwaka 2022. Ni kazi kubwa, na wapo watu wengi wa kushukuriwa. Lakini wastani wa taifa huficha mabonde na vilele vyake, na Usambara ni nchi ya mabonde na vilele.

Anayekwenda Lushoto huiacha barabara kuu ya kwenda Arusha pale Mombo, penye joto na mikonge, akaanza kupanda. Ni kilomita 33 hivi za kona, ukuta wa mlima upande huu na korongo upande ule, maporomoko ya Soni yakiwa njiani, mpaka unafika mji wa Lushoto, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ule ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Kwa mgeni huo ndio mwisho wa safari. Kwa wenyeji wengi ndiko kunakotafutwa huduma. Mbele yake kuna Magamba, Lukozi, Mlalo, Rangwi, na Mtae iliyokaa ukingoni kabisa ikiitazama Mkomazi kwa chini. Kuna Mlola upande wa mashariki. Na kuna Mnazi na Lunguza, vijiji vya tambarare ya Umba, ambako joto ni la pwani wakati ndugu zao wa juu wamejifunika makoti. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 wa Lushoto na Bumbuli kwa pamoja. Wengi wao wanakaa katika vitongoji vilivyotawanyika mabegani mwa milima. Jirani unamwona ng'ambo ya bonde, ukimwita anaitika, lakini kumfikia ni kushuka na kupanda saa nzima.

Sasa tumfikirie mkulima mmoja wa kabichi wa pande za Lukozi. Hatuna haja ya jina lake, maana wa namna yake ni wengi.

Anaanza kukohoa mwezi wa Juni. Juni ni mwezi wa baridi kali milimani, kila mtu anakohoa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Madirisha yamefungwa, mafiga yanawaka ndani, moshi umetanda, na watoto wamelala chumba kimoja na baba yao ili wapate joto. Wiki ya pili anapita duka la dawa, ananunua chupa ya dawa ya kikohozi na vidonge vya rangi mbili. Anapata nafuu kidogo, au anajiona amepata. Wiki ya tano mama mkwe analeta mizizi ya kuchemsha. Mwezi wa pili jasho la usiku linalowesha shuka na huku nje kuna ukungu, na mkanda wa suruali umeongezwa tundu. Mjomba anasema hili si bure, kuna mtu kamwonea kijicho. Wanakwenda kwa mganga, wanaacha kuku na fedha. Mwezi wa tatu makohozi yanakuja na damu. Hapo ndipo ndugu wanachanga nauli, anapandishwa gari, anapelekwa mjini.

Miezi mitatu imepita. Ndani ya miezi hiyo amekohoa mbele ya mkewe, watoto wake, wapakiaji wa malori ya mboga yanayoshuka Kariakoo, na waumini wenzake. Daktari anayempokea hana cha kumlaumu, kwani kila hatua aliyochukua ilikuwa ya busara kwa mtu aliye pale alipo. Duka la dawa lilikuwa karibu, mganga alikuwa jirani, na kikopo kilikuwa mbali.

Hapo ndipo palipo na mzizi wa kifua kikuu milimani. Dawa imekwisha kupatikana. Kinachoua ni muda kati ya kikohozi cha kwanza na kikopo cha kwanza. Kila jitihada iliyofanikiwa katika historia ya ugonjwa huu Tanzania ilifanikiwa kwa kuufupisha muda huo, au kwa kumwondolea mgonjwa mzigo wa safari. Na watu wa Lushoto wana sababu ya kulielewa hili kuliko wengine, kwa kuwa walikwisha kupambana na ugonjwa mwingine mkali zaidi, wakaushinda.

Ulikuwa tauni. Mwaka 1980 iliripotiwa katika kijiji cha Mkunki, na kutoka hapo ikazunguka milima ya Lushoto kwa zaidi ya miaka ishirini. Hadi mwaka 2003 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 7,000 na vifo zaidi ya 500. Vijiji kama Manolo, Nywelo na Gologolo vilijulikana kwa watafiti wa dunia nzima kwa sababu ya msiba huo. Mtu alipata homa kali ghafla, mitoki ikavimba kinenani au kwapani, na asipotibiwa mapema alikuwa na siku chache tu za kuishi. Panya waliishi darini kwenye mahindi yaliyohifadhiwa ndani, viroboto wakashuka kwa waliolala chini.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, miongoni mwao Profesa Bukheti Kilonzo, walipanda milima hiyo miaka nenda miaka rudi kuwachunguza panya na viroboto wake. Nyumba zilipuliziwa dawa. Zahanati zilipewa dawa za kutibu papo hapo, bila kusubiri mgonjwa afikishwe wilayani. Waliokaa na mgonjwa walifuatwa na kupewa dawa za kinga kabla hawajaugua. Wananchi walifundishwa kwamba panya wakianza kufa ovyo wakimbilie kutoa taarifa. Tauni ilipoteza nafasi yake kwa sababu huduma ilipelekwa hadi kijijini, na kwa sababu mwanakijiji mwenyewe alikuwa mlinzi wa kwanza.

Kuna uzi mwingine unaounganisha magonjwa haya mawili. Dawa mojawapo iliyotumika kutibu tauni Lushoto ni sindano ya streptomaisini. Dawa hiyohiyo, iliyopatikana Marekani mwaka 1943, ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kuthibitika kutibu kifua kikuu. Kabla yake tiba ilikuwa hewa safi, chakula kizuri, kupumzika na kuomba Mungu. Ndiyo maana mwaka 1926 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kibong'oto ya leo ni hospitali kubwa ya magonjwa ambukizi, na kuanzia mwaka 2009 ndiko Tanzania ilikoanza kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Kwa mtu wa Mtae, kwenda Kibong'oto kulikuwa na maana ya kushuka hadi Mombo, kupita Same na Mwanga hadi Moshi, kisha kupanda tena Siha, na kukaa huko miezi mingi shamba likiota majani. Huduma hiyo imekwisha kutawanywa katika hospitali nyingine nyingi, na tiba ya kifua kikuu sugu ambayo zamani ilichukua kiasi cha miezi ishirini sasa inaweza kumalizika kwa miezi sita, kwa vidonge tu.

Hata aliyekigundua kimelea chenyewe aliwahi kufika Usambara. Mjerumani Robert Koch alitangaza ugunduzi wake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo sababu dunia inaadhimisha Siku ya Kifua Kikuu kila Machi 24. Mwaka 1905, mwaka uleule aliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, Koch alikuwa Afrika Mashariki akichunguza magonjwa mengine, na alifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara ya Mashariki. Mtu aliyekijua kifua kikuu kuliko wote wa zama zake aliiona milima hii kwa macho yake. Wasambaa na Wabondei wa wakati ule hawakupata faida yoyote ya ugunduzi wake; dawa ilikuwa bado miaka arobaini mbele.

Faida ilikuja baadaye, na safari hii Waafrika Mashariki wenyewe walikuwa ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walikubali kushiriki jaribio lililoendeshwa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wakati ule mgonjwa alimeza dawa mwaka mmoja na nusu, na wengi walichoka njiani. Jaribio lile lilionyesha kwamba ikiongezwa dawa iitwayo rifampisini, miezi sita inatosha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, na leo mgonjwa wa Mumbai au Lima anayemaliza tiba kwa miezi sita anafaidi kilichothibitishwa kwa makohozi ya watu wa hapa.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ikishirikiana na umoja wa kimataifa wa kupambana na ugonjwa huo. Mshauri mkuu alikuwa Dakta Karel Styblo, Mcheki aliyehamia Uholanzi, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Mauthausen. Styblo na Watanzania waliofanya naye kazi walipanga jambo lililoonekana dogo: kila wilaya iwe na mratibu wa kifua kikuu na ukoma, kila mgonjwa aandikwe kwenye daftari, kila miezi mitatu ihesabiwe wangapi wamepona, wangapi wamekufa na wangapi wamepotea. Mratibu alipewa pikipiki au gari na kutakiwa azunguke. Miaka ya 1980, dawa za muda mfupi zilipoanza kutumika, kiwango cha kupona kilikaribia asilimia 80 katika nchi maskini yenye barabara mbovu. Shirika la Afya Duniani lilichukua mfano huo wa Tanzania na kuupeleka dunia nzima katika miaka ya 1990.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa nchini walikuwa kiasi cha 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamevuka 60,000. Wodi zilijaa. Kumwambia kila mgonjwa aje kituoni kila siku ameze dawa mbele ya muuguzi, kama utaratibu wa awali ulivyotaka, kukawa hakuwezekani. Fikiria mgonjwa wa Rangwi aliyepungua hadi mbavu zinahesabika, apande na kushuka mlima kila asubuhi kwa ajili ya vidonge vinne.

Jibu lilikuwa kumpa mgonjwa hiari. Kuanzia mwaka 2006 Tanzania ilijaribu utaratibu ambao mgonjwa anachagua mwenyewe: aje kituoni kila siku, au achague mtu wa nyumbani wa kumsimamia, kisha aje kuchukua dawa kwa vipindi. Wengi walichagua nyumbani, na matokeo yakawa mazuri kiasi kwamba utaratibu ulisambazwa nchi nzima. Msimamizi anaweza kuwa mke, mtoto mkubwa, shangazi, jirani. Kazi yake ni kuona kidonge kimemezwa na kuweka alama kwenye kadi. Anafundishwa pia mambo ambayo asipoyajua huvunja tiba: kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini na si damu, kwamba kichefuchefu cha siku za mwanzo hupungua, kwamba macho yakiwa ya manjano wakimbilie kituoni, na kwamba mgonjwa atajisikia mzima baada ya mwezi mmoja au miwili, wakati huohuo ambao ni wa hatari kuliko yote, kwani anayeacha dawa hapo huacha ndani ya kifua chake vimelea vilivyojifunza kuishinda dawa.

Kwa Wasambaa utaratibu huu uliangukia kwenye udongo ulio tayari. Mwanahistoria wa Marekani Steven Feierman, aliyefanya utafiti miongoni mwao kuanzia miaka ya 1960, aliandika kwamba mgonjwa wa Usambara haamui peke yake. Ndugu ndio wanaokaa, wanaojadili, wanaochanga na wanaosema apelekwe hospitali ya Bumbuli au kwa mganga wa ng'ambo. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kikwazo. Ukilitazama vizuri ni nguvu. Kikao kilekile kilichompeleka mkulima wetu kwa mganga ndicho kinachoweza kumsimamia miezi sita bila kukosa dozi, mradi mjomba na mama mkwe wamefikiwa na elimu kabla ya mgonjwa. Ujumbe unaomlenga mgonjwa peke yake milimani unamlenga mtu asiye na kauli ya mwisho.

Hata mganga hana haja ya kutengwa. Mpango wa taifa umekuwa ukiwashirikisha waganga wa tiba asili na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, ili mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili asiuziwe chupa ya pili, aelekezwe kupima. Kwa mkulima wa Lukozi, hilo lingeokoa miezi miwili na nusu.

Turudi kwenye safari ya kikopo. Kwa zaidi ya miaka mia moja kipimo kilikuwa hadubini, nacho ni kizuri lakini kina macho hafifu: ili mtaalamu aone kimelea, mililita moja ya makohozi inahitaji kuwa na vimelea elfu kadhaa hadi elfu kumi. Mashine za GeneXpert, zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2010, zinatambua hata vikiwa mia na kitu, na ndani ya saa mbili zinatoa jibu pamoja na kueleza kama vimelea ni sugu kwa rifampisini. Shida ni kwamba mashine inahitaji umeme wa uhakika, vifaa vyake maalumu na mtaalamu, kwa hiyo haiwezi kuwekwa kila zahanati. Mgonjwa naye hawezi kuishukia kila mara. Kinachoweza kusafiri ni makohozi. Sehemu mbalimbali za Tanzania, waendesha bodaboda na magari ya posta yamekuwa yakibeba sampuli kutoka vituo vidogo hadi maabara kubwa, na majibu yanarudi kwa simu. Kwa wilaya kama Lushoto hakuna njia bora zaidi. Mwendesha bodaboda anayejua kona za Mlalo hadi mjini, akiwa na kisanduku kinachofungwa vizuri na malipo yasiyocheleweshwa, ni mtumishi wa afya kamili.

Huko Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kilekile kilichowachunguza panya wa tauni Lushoto kimekuwa mwenyeji wa shirika la APOPO, ambalo tangu mwaka 2007 linatumia panya buku waliofunzwa kunusa makohozi yaliyokwisha kupimwa hospitalini. Panya mmoja hupitia sampuli mia moja kwa kiasi cha dakika ishirini, akisimama na kukwaruza penye harufu ya ugonjwa. Panya hathibitishi, sampuli aliyoionyesha hurudiwa maabara. Lakini kwa njia hiyo maelfu ya wagonjwa waliokuwa wameambiwa hawana ugonjwa wamegunduliwa na kuanza dawa.

Watoto wana habari yao, na ni ya uchungu zaidi. Mtoto wa miaka mitatu hajui kutoa makohozi; huyameza. Kwa hiyo ugonjwa wake hujificha katika udhaifu, homa zisizoeleweka na uzito usiopanda kwenye kadi ya kliniki. Sasa inawezekana kupima kinyesi chake kwa mashine ileile, na dawa za watoto zinazoyeyuka majini, zenye ladha ya matunda, zimeondoa mateso ya kukata vidonge vya watu wazima kwa kisu. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kuzitumia, Oktoba 2016. Chanjo ya BCG anayopewa mtoto mchanga begani humkinga na sura mbaya kabisa za ugonjwa, kama ule wa utando wa ubongo, lakini haimkingi moja kwa moja na baba anayekohoa chumba kimoja naye. Ndiyo maana akigunduliwa mgonjwa mmoja, nyumba nzima inatakiwa kuchunguzwa, na watoto wadogo wasiougua wapewe dawa za kinga. Lushoto ilifanya hivyohivyo na tauni: mgonjwa mmoja alikuwa taarifa ya nyumba nzima.

Kuna pia suala la maziwa. Usambara ni nchi ya ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani, na ng'ombe naye hupata kifua kikuu cha aina yake kinachoweza kumwingia binadamu, mara nyingi kikajitokeza kwenye tezi za shingo. Watafiti walikwisha kukibaini kwa wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania. Kinga yake ni rahisi: maziwa yachemke kabla ya kunywewa, hata ya ng'ombe wa nyumbani, hata anayopewa mtoto.

Yote haya yanahitaji watu wa kutembea. Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wanaochaguliwa na vijiji vyao wenyewe, kupewa mafunzo na kulipwa posho. Ni mpango unaoifaa Usambara kuliko mahali pengi. Mhudumu wa kitongoji anamjua anayekohoa; anajua nyumba ipi ina wachanga, kijana gani amerudi kutoka Mererani au Dar es Salaam akiwa amekonda. Anaweza kubeba kikopo hadi mlangoni, akakirudisha zahanati kabla ya bodaboda kuondoka.

Mwaka mmoja baadaye, mwanzoni mwa 2025, Marekani ilisitisha misaada yake ya nje na hatimaye kulifunga shirika la USAID, ambalo lilikuwa mfadhili mkubwa wa kazi za kuwaibua wagonjwa wa kifua kikuu vijijini Tanzania. Somo liko wazi. Kazi ya kuwatafuta wagonjwa haiwezi kutegemea uamuzi wa mji mkuu wa nchi nyingine. Nauli ya mhudumu, mafuta ya pikipiki ya mratibu wa wilaya na malipo ya mbeba sampuli ni fedha ndogo ukilinganisha na gharama ya wodi, na zinastahili kuwamo kwenye bajeti za halmashauri za Lushoto na Bumbuli kwa jina lake, zisomwe na madiwani na kuhojiwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu nusu ya familia zenye mgonjwa wa kifua kikuu Tanzania zinaangukia kwenye gharama za kuzivunja, licha ya dawa kuwa bure: nauli, chakula, siku za kazi zilizopotea, mbuzi aliyeuzwa. Kila safari inayofanywa na makohozi badala ya mgonjwa inaiokoa familia hiyo.

Mashekhe wa misikiti ya Lushoto, wachungaji na mapadri, wenyeviti wa vitongoji, walimu: dakika mbili za tangazo baada ya swala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili zinafika mahali ambapo bango la hospitali halifiki. Semeni kwamba ugonjwa huu si laana wala si lazima uwe Ukimwi, na kwamba aliyeanza dawa na kuzimeza vizuri huacha kuambukiza baada ya majuma machache.

Nawe msikilizaji, kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, ana homa za jioni, anatoka jasho usiku au anapungua bila sababu, msisubiri damu. Nendeni kesho kwenye zahanati iliyo karibu nanyi mkaombe kipimo cha makohozi. Anayeishi na virusi vya Ukimwi asihesabu wiki, apime kwa kikohozi chochote. Kipimo ni bure, dawa ni bure, na tiba ni miezi sita.